Toka Machela Hadi Sanduku: Historia ya Tiba ya Msaada na Kusaidiana Katika Vijiji Vyetu vya Masasi



Kamati ya sherehe ilipogawa kazi za kijitabu hiki, sisi tuliangukiwa na historia. Tulidhani ni kazi ndogo: kikundi kilianza lini, kilianza na akina mama wangapi, hisa ilikuwa shilingi ngapi, basi. Lakini tulipokaa na bibi zetu na kuwauliza zamani mgonjwa alisaidiwaje, tukaona kwamba hadithi ya sanduku letu haikuanza mwaka 2015. Imeanza mbali, kabla ya hospitali, kabla ya Uhuru. Na mtu asiyejua alikotoka hawezi kujua anakokwenda. Kwa hiyo tunaomba msomaji atuvumilie tukianza nyuma kidogo.

KABLA YA HOSPITALI

Huku kwetu kusini, kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ukoo unahesabiwa kwa upande wa mama. Mtu akiugua, wa kwanza kuitwa alikuwa mjomba. Yeye ndiye aliyeamua mgonjwa apelekwe kwa mganga yupi na malipo yatoke wapi. Lakini kazi yenyewe ya kuuguza, yaani kuchota maji, kupika uji, kufua, kukesha, ilikuwa ya akina mama. Wajawazito walikuwa na wakunga wao, na mkunga hakuwa na bei. Alipewa kuku, alipewa unga, alipewa heshima.

Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa kwa machela. Vijana wanne walishika miti, wengine wakifuata nyuma ili kupokezana, na akina mama wakiwa na chungu na unga kichwani. Msomaji akumbuke jambo hili, maana tutalirudia: tangu zamani ugonjwa ulikuwa na gharama mbili. Ya kwanza ni dawa. Ya pili ni njia, na chakula cha njiani, na nani atabaki na watoto nyumbani.

WAMISIONARI NA TIBA YA MSAADA

Tiba ya kizungu ililetwa na wamisionari. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, akitoka nao Unguja, wakaanzisha makazi hapa. Wabenediktini wa Kijerumani wakaanza Ndanda mwaka 1906, wakati nchi bado inavuja damu ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata.

Mara ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, na vita vile vilikuwa miongoni mwa vikali kabisa katika Afrika Mashariki yote. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, chakula kikachukuliwa, na vita vilipokwisha ukaingia ugonjwa wa mafua makali wa 1918. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa, hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Hebu fikiria mgonjwa wa vidonda aliyezoea kufungwa bandeji misheni. Asubuhi moja mzungu hayupo, dawa hazipo. Nani alibaki naye? Walibaki watu wake.

Tunalieleza hili si kwa kuwabeza wamisionari. Waliporudi walifanya kazi kubwa, hilo halina ubishi. Ndanda alikuja Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa ambaye pia alikuwa daktari, na kwa miongo kadhaa ndiye aliyeongoza tiba huko, hospitali ikakua na zahanati zikafunguliwa vijijini. Pale Mwena, jirani na Ndanda, palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Enzi zile mwenye ukoma alikimbiwa hata na ndugu zake. Kule walipata pa kulala, shamba la kulima, na mtu wa kuwagusa bila kuogopa.

Upande wa UMCA, mwaka 1935 alifika daktari mpasuaji Mwingereza aitwaye Leader Stirling. Alifanya kazi Lulindi, katika majengo ya udongo na nyasi, akapasua watu kwa mwanga wa taa na kuwafundisha uuguzi vijana wetu, wavulana kwa wasichana. Baadaye alihamia Mnero, Nachingwea. Daktari huyu hakuondoka. Akawa mbunge tangu 1958, akachukua uraia, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Afya, kazi aliyoifanya hadi 1980. Alifariki mwaka 2003. Kwa hiyo mtu aliyeijua Wizara ya Afya kwa miaka mitano aliijua kwanza Lulindi. Sisi watu wa Masasi tuna haki ya kujivunia hapo kidogo.

Pamoja na hayo yote, hospitali ya misheni ilikuwa mbali kwa walio wengi. Machela iliendelea na kazi yake. Na pale hospitalini ndugu ndio waliompikia mgonjwa. Tiba ilikuwa ya msaada, kweli, lakini kumfikisha mgonjwa na kumlisha ilikuwa juu ya mama, dada na shangazi. Hakuna kitabu kilichowahesabu hao.

UHURU, AZIMIO NA MTU NI AFYA

Baada ya Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, serikali iliamua kupeleka nguvu vijijini badala ya kujenga mahospitali makubwa mijini tu. Zikajengwa zahanati na vituo vya afya, wakafundishwa waganga wa vijijini na wahudumu wa afya ya mama na mtoto. Huduma za serikali zilikuwa bure. Hospitali za misheni nazo ziliingia katika mpango, nyingine zikafanywa hospitali teule za wilaya, maana serikali ilijua bila hizo baadhi ya wilaya zingebaki mikono mitupu. Mwaka 1977 sheria ilipopiga marufuku tiba ya biashara, hospitali za mashirika ya dini ziliruhusiwa kuendelea.

Wazee wetu wanaikumbuka sana kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi chini ya miembe, redio katikati, wakasikiliza somo, wakajadili, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Inakadiriwa watu wapatao milioni 2 nchi nzima walishiriki. Hapa tunataka wanachama wenzetu waone kitu. Kikundi cha watu wanaokaa pamoja kila wiki, wanaosikilizana na kuamua jambo moja la kufanya: si ndiyo sisi hao? Hata kabla hatujasikia neno VICOBA, mama zetu walishajua kukaa kikundi.

Mwezi Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, yakatangaza kwamba afya ya msingi iwafikie watu wote, na wananchi wenyewe washiriki. Tanzania ilikuwa imeshaanza kuitembea njia hiyo.

DAWA KUADIMIKA NA KUCHANGIA GHARAMA

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza hazina, bei ya mafuta ilipanda, mazao yalishuka bei. Zahanati ilikuwepo, mganga alikuwepo, dawa hakuna. Ahueni ilipatikana katika miaka ya 1980, makasha ya dawa muhimu yalipoanza kuletwa vijijini kwa msaada wa Denmark na UNICEF. Kasha lilipofunguliwa kijiji kizima kilijua, na lilipokwisha kabla ya mwezi kwisha vilevile kijiji kizima kilijua.

Mwaka 1993 serikali ikaanza hatua kwa hatua mpango wa kuchangia gharama za matibabu. Msamaha uliwekwa kwa wajawazito, watoto wadogo, na wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Sera ya Afya ya 2007 ikawataja pia wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Lakini msamaha unataka barua ya mtendaji, barua inataka kufuatwa, na mtu maskini huona haya kusimama mbele za watu aseme, "mimi sina." Wengine walikaa na ugonjwa ndani kuliko kuomba barua. Na barua hata ikipatikana, inasamehe dawa, haisamehi nauli.

Ndipo ikaja Mifuko ya Afya ya Jamii. Ilijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, sheria yake ikatungwa 2001, na mwaka 2018 ikaanza ile iliyoboreshwa, kaya ya watu hadi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. TASAF nayo, iliyoanza mwaka 2000, ilikuja kuwa na mpango wa kunusuru kaya maskini, na baadhi ya majirani zetu waliupata.

Na matunda yameonekana, lazima tuseme ukweli. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikuwa wanafariki akina mama 556 kwa sababu ya uzazi. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Nyuma ya tarakimu hizo kuna zahanati zilizojengwa, wakunga waliosomeshwa, na barabara. Kuna pia mtu aliyetoa pesa ya pikipiki usiku.

SANDUKU LETU

Mwaka 1991 akina mama wa nchi ya Niger walianza kuweka akiba kwa vikundi, wakisaidiwa na shirika la CARE. Mtindo ule ukaenea Afrika, ukaingia Zanzibar na Bara, na kwetu ukapewa jina la VICOBA. Sisi tulianza mwaka 2015, akina mama wachache tuliokuwa tunajuana kisimani na msibani, Waislamu na Wakristo. Hakuna mfadhili aliyetuita. Sanduku lilichongwa na fundi wa hapa hapa, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja.

Kila wiki mwanachama ananunua hisa, halafu anatoa "jamii". Hiyo jamii ni pesa kidogo sana, lakini ndiyo moyo wa historia hii. Hisa ni yako, mwisho wa mzunguko unaichukua na faida yake, ukanunue mabati au salfa ya mikorosho. Jamii hairudi. Ni ya ugonjwa na msiba. Ukiugua unapewa, na hurudishi.

Katika mwaka wa tatu palitokea mjadala mkali na hatuoni sababu ya kuuficha. Baadhi yetu walisema: pesa ya jamii imelala, tuikopeshe kama nyingine izae riba. Msimu wa korosho ulikuwa mzuri, wenye kutaka mikopo walikuwa wengi. Wengine wakasema la hasha, ugonjwa hauji Novemba watu wakiwa na pesa ya korosho. Unakuja Februari, mvua inanyesha, ghala tupu, na pesa yote iko mikononi mwa waliokopa. Tulibishana vikao viwili. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa kawaida hasemi, ndiye aliyemaliza. Alisema: "Machela haikopeshwi." Akakaa. Tukapiga kura, jamii ikabaki jamii mpaka leo.

Jambo la pili ni funguo. Ugonjwa hausubiri watu watatu wakutane. Kwa hiyo tulikubaliana kiasi kidogo kikae nje ya sanduku, kwenye simu ya mweka hazina, na taarifa yake isomwe kila kikao mbele ya wote. Pesa hiyo imeondoa wajawazito kijijini usiku, imelipa nauli ya watoto wenye degedege, imenunua unga wa mama aliyekaa wodini wiki mbili na mgonjwa wake.

Hatuko peke yetu kuligundua hili la nauli. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inayotibu fistula bila malipo iliona wanawake hawafiki, si kwa kukataa tiba bali kwa kukosa nauli, na tangu 2009 ikaanza kutuma nauli kwa simu. Serikali na wenzake nao wakaanzisha mfumo wa m-mama, ambao dereva wa jamii huitwa kwa simu kumpeleka mjamzito au kichanga hospitalini na hulipwa kazi yake. Kumbe walichojua bibi zetu wenye chungu kichwani, wakubwa nao wamekijua.

SANDUKU NI LA NANI?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na miaka kumi haijalimaliza. Mwanachama anayetoa jamii kila wiki ana haki yake. Lakini aliye hoi kuliko wote kijijini mara nyingi si mwanachama, maana hata hiyo hisa moja hana. Ni yule bibi anayelea wajukuu, ni mtu aliyepona ukoma lakini vidole havishiki jembe, ni binti mlemavu anayefichwa ndani.

Wapo wenzetu wanaosema: tukianza kuwapa wasiochangia, nani atachangia? Hoja hiyo si ya uchoyo, ina uzito wake. Vikundi vingi vimevunjika kwa kugawa kuliko kupata. Wapo wanaojibu kwamba sadaka ni wajibu, Waislamu wakikumbusha zaka, Wakristo wakikumbusha Msamaria. Tulipofika ni hapa: kila robo mwaka kikao kinatenga fungu dogo kutoka jamii kwa ajili ya walio nje, kwa kura, na haligusi akiba ya dharura ya wanachama. Msaada unapelekwa nyumbani na watu wawili, jioni, bila tangazo. Hatumwiti mtu kikaoni aje ajieleze. Tulishajifunza kutoka kwenye barua za msamaha kwamba aibu nayo ni ukuta.

MSAADA WA MBALI NA MSAADA WA KARIBU

Ndugu wasomaji, mwaka huo wa kutimiza miaka kumi, yaani 2025, ulitupa somo kubwa. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa rasmi. Wenye kutumia dawa za kufubaza virusi, ambazo nchi yetu ilianza kuzitoa bure kwa mpango wa taifa tangu 2004 kwa msaada mkubwa kutoka nje, waliingiwa na hofu. Watu waliulizana kwa sauti ya chini: dawa zitaendelea?

Aliyesoma historia hii toka mwanzo hashangai. Mwaka 1917 waliotibu waliondolewa na vita. Miaka ya 1980 makasha yalikuja na yalikwisha. Msaada wa mbali una baraka zake; bila huo wengi wetu tusingekuwa hai kusoma haya. Lakini una mwenyewe, na mwenyewe ana mambo yake. Huja na huondoka.

Msaada wa karibu nao una mpaka wake, tusijidanganye. Sanduku letu haliwezi kununua dawa za kufubaza, haliwezi kujenga chumba cha upasuaji, haliwezi kumlipa daktari. Hizo ni kazi za serikali na za bima, na hatuna budi kuzidai kwenye mikutano ya kijiji na kwa madiwani wetu. Kazi ya sanduku ni ile ya pili, ambayo hakuna aliyewahi kuja kutufanyia tangu enzi ya machela: kumfikisha mgonjwa, kumlisha, kubaki na watoto wake, na kuhakikisha hayuko peke yake.

HITIMISHO

Tunawashukuru wanachama wote, na wale waliotangulia mbele ya haki. Tunawashukuru wahudumu wa zahanati wanaofungua mlango usiku, na madereva wa bodaboda wanaokubali kwenda kwanza na kulipwa asubuhi. Tunawashukuru waume zetu walioelewa, na hata waliochelewa kuelewa.

Kwa miaka inayokuja tunapendekeza mambo matatu, yajadiliwe katika mkutano mkuu. Kwanza, kila kaya ya mwanachama iwe na bima ya afya, na mchango wake uwekwe wakati wa korosho, si wakati wa njaa. Pili, fungu la walio nje liandikwe kwenye katiba ya kikundi, lisitegemee huruma ya kikao. Tatu, mabinti zetu wafundishwe kuandika vitabu vya hesabu mapema, maana wengi wetu macho yamechoka.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kikishajaa, wenzetu, tusisahau kukipima kwa ajili ya jirani.